Siku Tuliyoacha Kasabuni Nyumbani

Tangu nirudi kutoka Muhanga mmenisimamisha sokoni Kamembe, mmoja leo, mwingine kesho, mkiniuliza sherehe ilikuwaje. Nimewajibu kwamba ilikuwa nzuri, watu walikula wakashiba, bibi harusi alipendeza. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna mengine niliyoyameza, na kwa kuwa mtayasikia tu kwa mdomo wa mtu mwingine, afadhali niyaandike mwenyewe kuanzia mlangoni pangu hadi tuliporudi.

Gari langu dogo mnalijua. Watoto wa mtaa walilipa jina la Kasabuni, kwa sababu ni jeupe na pembe zake zimelika kama kipande cha sabuni kilichobaki kwenye beseni. Limebeba vitenge vyangu kutoka mpakani mpaka sokoni, limewapeleka wengine wenu kujifungua, na mafuta linakunywa kidogo hadi unasahau kituo kilipo. Mzee, baba yangu, analipenda kwa sababu halimlazimishi kupanda. Anaketi tu, kama anavyoketi kwenye kiti chake cha barazani. Alikuwa amepanga tuende nalo, yeye na mimi.

Safari ilikuwa ya kumwombea mke Patrick, mtoto wa kaka yangu. Ninyi wa Bukavu mmeiona mara nyingi ile sherehe wanayoiita gusaba, lakini nawakumbusha. Wazee wawili wanakaa wakitazamana mbele ya wageni wote, mmoja wa upande wa kijana, mwingine wa upande wa binti. Wa kwanza anaomba, wa pili anakataa. Wa kwanza anasifu ng'ombe, anataja mababu, anachekesha. Wa pili anajifanya hajui hata kama nyumba yake ina binti. Wanavutana hivyo, kwa Kinyarwanda cha zamani, mpaka binti anatolewa na watu wanapiga makofi. Siku hizi wengi wanakodi vijana wa kusema, wenye suti na maikrofoni yao. Sisi hatukukodi mtu. Msemaji wetu alikuwa Mzee.

Na hapo ndipo penye moyo wa habari hii. Mzee alikulia Bukavu, kule Kongo. Tangu turudi Rwanda, ndugu wa kule katikati ya nchi wamekuwa wakimtania kwamba Kinyarwanda chake kina harufu ya Kongo. Yeye hucheka nao. Lakini baba yake alimfundisha maneno ya kuombea mke tangu akiwa mdogo, jioni kwa jioni, na aliyahifadhi maisha yake yote bila kupata pa kuyasemea, kwa sababu wajukuu wengine wa kiume walioa mbali na nchi hii. Patrick ndiye wa mwisho. Mwezi mzima nilimsikia Mzee akijizoeza bafuni akinyoa ndevu: anaomba kwa sauti yake, anajikataa kwa sauti nyembamba, halafu anacheka peke yake.

Mlangoni pangu, Kamembe

Jeep ilikuwa wazo la kaka yangu, Papa Patrick. Alitangulia Muhanga na basi la ndugu siku moja kabla, lakini kwanza alikuja nyumbani kututengeneza.

"Papa, bale bantu ba Muhanga banaangaliaka kwanza mulango ya motokari, njo basikilize muntu," alisema. "Hauwezi kutoka mule mwa Kasabuni umejikunja sawa kuku inatoka mu kizimba."

Mzee alikuwa anakunywa chai yake. Alimtazama, akaweka kikombe chini.

"Miye naenda kule kusema," akasema. "Siendi kushuka."

Tulicheka. Kaka akanigeukia mimi, nami, badala ya kusimama na baba yangu, nikasema Papa Patrick ana haki, heshima ya familia si mchezo. Binamu yetu wa Muganza, yule mwenye malori ya kubeba mawe, akatuazima jeep yake nyeusi, ndefu, ya viti saba. Ilipoegeshwa mbele ya nyumba, Kasabuni ikafichika kabisa nyuma yake.

Tuliondoka alfajiri, na muda wa kutosha mkononi. Au niseme tulitaka kuondoka. Maman Pasteur, jirani yangu mnayemjua, alikuwa amesimama kwenye geti amefunga kitambaa kichwani.

"Maman Solange," akaniambia, "jeep ya bantu saba, na muko babili? Ile ni zambi."

Kasabuni ina viti vya nyuma pia, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuviacha vitupu ni dhambi. Gari dogo likipita tupu, watu wanasema mwenyewe ana haraka. Jeep ikipita tupu, wanasema ana roho mbaya. Maman Pasteur alikuwa anakwenda Huye kumwona binti yake shuleni, na mzigo wake ulikuwa bado kwa dada yake Gihundwe, kwa hiyo tukapitia Gihundwe. Dada alikuwa bado anazikaanga sambaza za mtoto. Tulisimama barabarani tukinusa samaki, wanafunzi wakitupita kwa miguu, na Mzee akawa anatikisa midomo kimya kimya, anapitia maneno yake.

Ntendezi: mafuta

Hapa lazima niwe mkweli kwenu. Nililipenda lile gari. Nilikaa juu, nikaona migongo ya milima na mashamba ya chai upande mmoja hadi mwingine. Polisi aliyesimama kwenye kona, ambaye Kasabuni huisimamisha kila mara na kuizunguka akitafuta taa iliyokufa, safari hii alinyoosha mkono kunionyesha njia na kunipigia saluti. Baiskeli zilijivuta pembeni kabla sijapiga honi. Mtu akiuliza kwa nini watu wanalipa mafuta yote yale kwa gari ambalo nusu yake ni hewa, jibu langu ni ile saluti. Nilijikuta nimenyoosha shingo, nikajisikia mtu mwingine, na nikampenda huyo mtu.

Mzee aliniona. "Leo uko Madame la Directrice," akasema, na sote tukacheka, Maman Pasteur zaidi.

Kicheko kiliishia Ntendezi, taa ya mafuta ilipowaka. Binamu aliniambia tangi liko nusu, na nusu, kwa mtu wa Kasabuni, ni kwenda Kigali na kurudi. Sikufikiria kwamba nusu ya mnyama yule ni chakula cha asubuhi tu. Kituo kilikuwepo, lakini umeme ulikuwa umekatika, pampu zimelala, na kijana wa pampu akatuambia subirini, unarudi sasa hivi. Kuingia Nyungwe na taa ile ikiwaka sikuthubutu. Tulisubiri. Maman Pasteur alinunua mahindi ya kuchoma, Mzee akakataa kula kwa sababu mahindi yanamkwama kooni na alikuwa analinda sauti yake. Umeme uliporudi jua lilikuwa tayari limepanda juu ya miti, na jeep ikanywa, ikanywa, mpaka Mzee akaniuliza kama kuna tundu chini.

Nyungwe: lori kwenye kona

Mliopita Nyungwe mnajua barabara ile: kona baada ya kona, ukungu, miti mirefu pande zote, na simu inakufa mfukoni. Hatujafika mbali ndani ya msitu tukakuta foleni. Lori la simenti lilikuwa limeteleza usiku, nyuma yake limeingia kwenye mtaro, pua yake imekatiza barabara. Mabasi yamezimwa, abiria wamekaa kwenye nyasi. Kati ya pua ya lori na ukingo wa mlima palibaki nafasi ndogo.

Nilishuka kwenda kuangalia. Dereva wa lori, mtu wa Bugarama, alikuwa amesimama pale na fimbo ndefu aliyoivunja msituni. Alikuwa anapima nayo kila gari linalokuja, kisha anailinganisha na ile nafasi. Alikunja midomo alipoiona jeep.

"Maman, hii yako iko munene. Haipite," akasema. "Ngoja grue, iko njiani."

Tukangoja hiyo winchi. Na tukiwa tunangoja, magari madogo yalikuwa yanapita. Moja baada ya jingine, magurudumu mawili juu ya nyasi, pole pole, kisha yanaruka upande wa pili na kwenda zake. Likapita jeupe moja, limelika pembe, ndugu wa Kasabuni kabisa. Nililitazama hadi likapotea kwenye kona.

Halafu likaja jingine, la bluu, ndani yake mume na mke vijana wenye mtoto mchanga. Walisimama karibu nasi wakisubiri zamu ya fimbo. Maman Pasteur, ambaye hawezi kukaa na siri, alikuwa ameshawaeleza abiria wote wa foleni kwamba tumebeba msemaji wa harusi na tunachelewa. Yule kijana akateremsha kioo.

"Maman, tuko na nafasi moja hapa mbele, madame atakaa nyuma na mutoto," akasema. "Tunapitia Muhanga. Tunaweza mubeba Muzee, tumufikishe kwa ile nyumba."

Mzee alimsikia. Alikuwa ameshavaa kofia yake na kushika fimbo yake ya kutembelea, mguu mmoja tayari uko nje ya mlango wa jeep, unatafuta pa kukanyagia.

Nami nikasema, "Papa, sasa jeep tulikuya nayo ya nini?"

Sikupiga kelele. Nilisema kwa utani kidogo hata. Nilimwona akilini akifika Muhanga kwenye kile kigari cha bluu, kati ya nepi na chupa za mtoto, na kaka yangu amesimama kwenye lango na suti yake. Nikamwona amejikunja. Nikasema winchi itafika sasa hivi, tutawapita hao hata kabla ya Huye.

Mzee aliutazama mguu wake uliokuwa nje. Kisha akaurudisha ndani, akavua kofia, akaiweka gotini. "Murakoze, mwana," akamshukuru yule kijana, na gari la bluu likapita.

Winchi ilikuja baada ya watu kumaliza sambaza zote za binti wa Maman Pasteur. Tulikula kwa vidole, tumeketi kwenye nyasi pamoja na abiria wa mabasi, na kwa kweli zilikuwa tamu. Mzee hakula. Alikuwa ndani ya jeep, midomo yake inatembea.

Baada ya Kitabi: si sisi wageni

Simu ilifufuka tulipotoka msituni, karibu na Kitabi, na ikalia papo hapo. Alikuwa Papa Patrick.

"Muko wapi? Bantu bamekaa! Benyeji banaangalia saa!"

Nilimwambia tunakuja. Nilikanyaga, na jeep, haki yake niipe, ilikwenda. Lakini hatukwenda mbali. Kwenye kijiji kimoja kilimani watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara, akina mama wamevaa mavazi ya sherehe, ngoma tayari. Walipoona jeep nyeusi wakaanza kuimba na kuingia barabarani, na mzee mmoja mwenye koti akatupungia tusimame. Nilisimama, ningefanya nini, niwagonge?

Walikuwa wanamngoja mkubwa fulani wa kuja kuwafungulia bomba la maji. Waliona gari, hawakuuliza mengine. Mlango wa Mzee ukafunguliwa kwa nje, akapewa mkono, watu wakapiga makofi, na yule mwenye koti akamwomba mgeni aseme neno. Na wakanyamaza. Watu wote wale, hata watoto, wakanyamaza wakamtazama baba yangu kwa hamu.

Alikuwa na maneno ya maisha yake yote mdomoni. Lakini yalikuwa na mahali pake, na aliyatunza. Aliwaambia kwa upole kwamba yeye si mgeni wao, ni mtu wa Kamembe, huko Rusizi, anayekwenda kumwombea mjukuu mke, Mungu awape maji mengi. Ilichukua muda kuwaelewesha. Wengine walidhani mkubwa anatania, wakacheka, wakaomba aseme tena. Nimekumbuka ukimya ule mara nyingi tangu nirudi.

Huye tukamshusha Maman Pasteur langoni mwa shule, na mikono mitupu, maskini. Simu ya kaka ililia tena pale, na tena Nyanza. Tulipofika Ruhango haikulia tena, nami nikajipa moyo kwamba ni dalili nzuri.

Muhanga

Ningependa mngeona tulivyopokewa. Vijana wa mlangoni walipoiona jeep wakaondoa magari madogo mawili yaliyokuwa karibu na mahema, wakatuelekeza hadi mbele kabisa. Mpiga video akaja mbio, akapiga goti. Watu waligeuza vichwa, wengine wakasimama. Mlango ukafunguliwa, Mzee akashuka taratibu: fimbo kwanza, kiatu, halafu kofia. Watu wakapiga makofi.

Lakini maikrofoni ilikuwa mkononi mwa kijana mmoja mwenye suti ya kung'aa. Nilidhani ni wa upande wa binti. Kisha nikamsikia anasema "sisi tuliotoka Rusizi."

Papa Patrick alikuja akiinama, jasho linamtoka. "Papa, utusamehe. Benyeji balisema kama hatuna musemaji, bataahirisha. Ilibidi tutafute muntu. Huyu alikuwa hapa karibu. Binti bameisha mutoa. Iko ng'ombe tu njo imebakia."

Mzee alimshika bega. "Si mubaya," akasema. "Tukae."

Walimweka mstari wa mbele, kiti chenye kitambaa cheupe. Yule kijana alijua kazi yake, siwezi kumsingizia. Alisifu ng'ombe ambao hajawaona, akataja mababu ambao si wetu. Halafu akachekesha: akasema hawa wenzetu wamechelewa kwa sababu wametoka kule karibu na Kongo, Kinyarwanda chao kilikuwa bado kinakaangwa pamoja na sambaza. Hema zima likaangua kicheko. Na mbele yetu, upande wa pili, alikaa msemaji wao, mzee wa umri wa baba yangu, hakukodiwa, mwenye sauti nzuri na macho ya utani. Huyo ndiye aliyekuwa amkatalie Mzee. Wangependana, nilijua palepale.

Mzee alipiga makofi kila wengine walipopiga. Mimi nilikula wali na nyama na sikumbuki ladha yake.

Kurudi

Kurudi, jeep ilijaa ndugu hadi Huye, kila mtu akitaka kujua ina mashine gani. Baada ya Huye tulibaki wawili, kama tulivyokuwa tumepanga kwenda. Lori halikuwepo tena kwenye kona; palibaki unga wa kijivu kwenye nyasi. Nilipunguza mwendo, nikashindwa kuvumilia.

"Papa, unisamehe."

"Ya nini? Uliendesha muzuri."

"Pale pa ile motokari ya bluu."

Nikamwambia basi anisemee mimi, sasa hivi, tukiwa njiani, nisikie yale yote aliyokuwa aseme. Nilitaka sana anisemee. Alifikiri kidogo, akafungua mdomo, kisha akaufunga.

"Ile maneno iko nusu," akasema. "Nusu ingine ilikuwa kwa ule mzee wa kule. Miye naomba, yeye anakatala, njo maneno inaendelea. Wewe, mutoto yangu, siku gani ulinikatalia kitu?"

Nililia nikiendesha. Alinipa kitambaa chake cha mfukoni, akaniambia niangalie kona.

Kamembe tena

Jeep ilirudi Muganza, na Kasabuni ikaonekana tena mbele ya nyumba. Bafuni Mzee hunyoa ndevu kimya siku hizi. Ningetoa chochote kusikia ile sauti nyembamba ikimkatalia.

Jumapili iliyopita Papa Patrick alileta video ya sherehe. Sebule ilijaa, baadhi yenu mlikuwepo, mlikunywa fanta na kushangilia. Mwaniuliza sasa kwa nini nilitoka. Mnakumbuka ile sehemu: jeep inaingia pole pole, mpiga video ameizunguka pande zote, ameweka na muziki. Mlango unafunguka. Fimbo, kiatu, kofia, vyote vimepunguzwa mwendo hadi Mzee anaonekana kama anaelea. Mlipiga vigelegele, mtu akasema, "Muzee, ulitokea muzuri!" Baada ya hapo yule kijana anaanza kusifu ng'ombe, na baba yangu haonekani tena mpaka mwisho.

Mzee aliomba irudishwe pale mlango unapofunguka. Mlidhani amefurahi. Alijitazama mara ya pili kwa makini, mikono juu ya fimbo, na mimi niliyekuwa nimekaa miguuni pake ndimi peke yangu niliyemsikia, kwa sababu alisema taratibu.

"Kumbe nilienda kushuka."